Injini ikizima ndege ya kunyunyizia ikiwa chini: dalili, vyanzo na kutua kwa dharura

Ndege ya kunyunyizia dawa hufanya kazi mita mbili hadi nne juu ya mimea, kwa mwendo wa maili 100 hadi 120 kwa saa, hopa (tangi la dawa) ikiwa nzito na mabomba ya nozeli yakikokota hewa chini ya mabawa. Injini ikinyamaza hapo, hakuna muda wa kufungua kitabu wala kubishana na geji. Kwa hiyo tunaanza na kile mikono inachopaswa kufanya, halafu mahali pa kuiweka ndege, ndipo zije dalili moja moja na vyanzo vyake. Chanzo hutafutwa ardhini. Angani hutafutwa tu pale futi zinaporuhusu, na kwenye kazi hii haziruhusu mara nyingi.

Mifano tumeitoa kwenye ndege mbili za injini ya pistoni: Piper PA-25-235 Pawnee, yenye Lycoming O-540 ya nguvu farasi 235 na kabureta, na Cessna 188 AGwagon, yenye Continental IO-520-D ya nguvu farasi 300 ambayo kila silinda ina nozeli yake ya mafuta. Kitabu cha ndege yako kikitofautiana na namba za hapa, fuata kitabu.

## Sekunde kumi za kwanza

Mwendo ndio akiba uliyo nayo. Kama shamba lililo mbele ni refu na safi, usipande: bakia hapo hapo, punguza mwendo, tua. Kama mbele kuna miti, nyaya au mfereji, vuta fimbo kwa ulaini na ugeuze mwendo kuwa kimo mpaka ufikie mwendo wa kuteleza bila injini, takriban maili 80 kwa saa. Kutoka maili 110 hadi 80, hesabu tupu ya fizikia inakupa mita 58, yaani futi 190. Mabomba na pangaboi linalozungushwa na upepo vitakula sehemu ya hizo. Hata futi 120 zinatosha kukuonyesha nguzo za umeme ziko wapi na upande wa pili wa miti kuna nini.

Wakati huo huo mkono usioshika fimbo umwage hopa. Marubani wengi huchelewa hapa, kwa kuwa mkono wa kumwagia hautumiki kila siku na kwa kuwa dawa ni ghali. Tazama hesabu ya Pawnee. Uzito wake wa juu ni kilo 1,315. Ikiwa imebeba kilo 500 za dawa na ukazimwaga zote, inabaki kilo 815. Mwendo ambao bawa huacha kubeba hushuka kwa asilimia 21 hivi, na kwa kuwa nishati ya kugonga hufuata uzito na mraba wa mwendo, inabaki chini ya asilimia 40 ya ile ya mwanzo. Hakuna kitu kingine ndani ya ndege kinachokupunguzia kishindo kwa kiasi hicho kwa kuvuta mkono mmoja. Kanuni za Marekani za ndege za kilimo, Sehemu ya 137, zinataka ndege ya injini moja inayofanya kazi juu ya makazi iweze kumwaga nusu ya mzigo ndani ya sekunde 45. Ukiwa chini huna sekunde 45, kwa hiyo lango la hopa lifunguke lote mara moja. Lijaribu kwa maji kila mwanzo wa msimu, na kila wiki unapotumia mbolea ya chengachenga, kwa sababu hiyo hushikana kama saruji ikipata unyevu. Mzigo ukitoka, pua huweza kuinuka ghafla. Uwe tayari kusukuma fimbo mbele.

Kusukuma ndiko kunakookoa. Baada ya kupanda, mwendo huanguka haraka kuliko ulivyozoea, na mwili wote unataka kuendelea kuvuta fimbo kwa sababu ardhi inakuja. Bawa likiacha kubeba ukiwa futi 100, ndege hustoli na kuangukia pua au bawa moja, na hapo mkanda wala helmeti havisaidii sana. Ndege iliyogonga mashina ya miti ikiwa imenyooka na ikiwa polepole humwachia rubani nafasi nzuri kuliko iliyojipindua juu ya shamba zuri.

Kurudi nyuma ulikotoka usikufikirie. Kwa maili 80 na mlalo wa nyuzi 45, nusu duara ina kipenyo cha mita 260 na inachukua sekunde kumi na moja na nusu. Kwa futi 150, ukipangia mita sita za mbele kwa kila mita moja ya kushuka, una sekunde saba au nane, tena ukiwa umenyooka. Mlalo huo pia unapandisha mwendo wa kustoli kwa asilimia 19. Chagua mahali ndani ya nyuzi 30 kila upande wa pua.

Sekunde zikibaki, pitisha mkono mara moja: koki ya mafuta kwenye tangi jingine (Pawnee za awali zina tangi moja tu, kwa hiyo hakikisha tu koki imefunguka), pampu ya umeme ya mafuta iwake, mkono wa mchanganyiko wa mafuta na hewa mbele, hewa moto ya kabureta ivutwe, magneto (vifaa vinavyozipa plagi cheche) zote mbili ziwe wazi. Sekunde tatu, nne. Injini isipoitika, iache. Kazi iliyobaki ni kutua.

Ndege ikielekea kugusa ardhi, shusha flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) zote, na kama ni za umeme fanya hivyo kabla umeme haujazimwa, kisha vuta mchanganyiko mpaka mwisho, funga koki ya mafuta, zima magneto na swichi kuu. Fungua mlango usije ukakwama kwenye fremu iliyopinda. Mikanda ya mabega unaikaza kabla ya kuruka, kwa sababu huku chini hutapata mkono wa kuikaza.

## Mahali pa kuiweka

Kinachoua ni kusimama kwa umbali mfupi mno. Ndege inayogusa ardhi kwa maili 50 kwa saa inahitaji chini kidogo ya mita 3 za kusimama ili kishindo kisizidi mara 9 ya uzito wa mwili. Kwa maili 100 inahitaji zaidi ya mita 11. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unakuwa mara nne. Maana yake ni kwamba hata shamba fupi linatosha ukifika polepole, na kwamba mabawa, magurudumu na mimea vinaruhusiwa kuvunjika ili wewe usivunjike. Fred Weick, mbunifu wa Pawnee, alimkalisha rubani juu na nyuma ya hopa ili injini, tangi na hopa vibondeke kabla ya kufika kwake. Itumie hiyo nafasi: gonga ukiwa umenyooka na pua juu kidogo, kamwe usigonge kwa ubavu.

Ngano iliyovunwa ndiyo bora. Ngano iliyosimama na mahindi huzuia vizuri lakini hushika magurudumu, na ndege ya gurudumu la nyuma hupinduka kwa urahisi. Kwenye miwa, hesabu ncha za majani kuwa ndiyo ardhi: ipunguze ndege kwa usawa huo mpaka iketi yenyewe juu ya miwa, usiipenyeze ikiwa na mwendo. Shamba lililolimwa tua sambamba na matuta. Majaruba ya mpunga ni mabaya kuliko yanavyoonekana kutoka juu, maana tope hukamata magurudumu na kila jaruba lina tuta. Gusa kwa mwendo mdogo kabisa, sambamba na matuta marefu, na tarajia kupinduka. Ukiwa juu chini, usifungue mkanda kabla ya kuweka mkono darini. Watu huvunjika shingo katika anguko hilo dogo baada ya kuponea kutua kwenyewe.

Nyaya hazionekani, tafuta nguzo, na chora mstari kati ya nguzo na nguzo. Ukishakuwa chini kuliko waya, pita chini yake. Kuuruka bila injini kunaishia kwa kustoli juu yake.

Nyanda za juu zina adhabu ya ziada. Mashamba ya ngano ya Narok yako karibu futi 6,000. Hewa ikiwa nyuzi 25 za selsiasi, ndege inajiona iko futi 8,600. Geji ikionyesha maili 60, kwa upepo tuli ardhi inapita kwa maili 68, na nishati ya kugonga imepanda kwa karibu asilimia 30. Injini isiyo na tabo inabaki na takriban asilimia 74 ya nguvu zake, kwa hiyo hata tatizo dogo la plagi, ambalo ukiwa chini bondeni Kilombero ungelivumilia mpaka kiwanjani, huku juu linakushusha. Upepo wa usoni ni wa thamani zaidi huku. Kabla ya mstari wa kwanza tazama moshi wa jikoni au vumbi la trekta, ujue unatoka wapi.

## Injini imenyamaza ghafla, pangaboi linazunguka tu

Bila kishindo, bila mtikisiko: mafuta hayafiki. Magneto mbili kufa pamoja ni nadra, isipokuwa swichi yake imeharibika, na hapo mtiririko wa mafuta kwenye geji unabaki vilevile. Mtiririko ukianguka kwanza na injini ikafuata, ni mafuta.

Sababu ya kwanza ni tangi kuwa tupu, na inatokea kwa marubani wazoefu. Lycoming O-540 kwenye asilimia 75 ya nguvu hunywa takriban lita 53 kwa saa, na tangi la Pawnee la awali lina lita 144. Kazi ya kunyunyizia ni safari fupi fupi nyingi. Hopa hujazwa kila baada ya dakika 10 au 15, mafuta hayajazwi kila mara, na hesabu hupotea kwenye mzigo wa saba au wa nane. Pima kwa kijiti kila baada ya mizigo mitatu, usiamini geji, na ikifika lita 40 (dakika 45 hivi) jaza.

Ya pili ni ya ndege zenye mafuta mabawani. Kwenye kona kali mwisho wa mstari, kigololi cha geji ya mlalo, kinachoonyesha ndege inateleza kwa ubavu, kikiwa nje ya katikati na tangi likiwa na mafuta kidogo, mafuta hukimbilia upande mmoja na mdomo wa bomba unavuta hewa. Injini haizimi hapo hapo. Inazima sekunde chache baadaye, hewa ikifika kwenye pampu, mara nyingi wakati ndege imenyooka na inashuka kuanza mstari mpya. Ndiyo maana rubani huapa kwamba hakuwa kwenye kona. Nyoosha mabawa, kigololi katikati, washa pampu ya umeme. Dawa ya kudumu ni kona zilizosawazishwa kwa pedali na kutofanya kazi tangi likiwa chini ya robo.

Ya tatu ni tundu la kupumulia tangi. Nyigu hujenga kwa udongo ndani ya kitundu cha milimita chache kwa siku mbili tu ndege ikiegeshwa. Mafuta yakitoka na hewa isiingie, tangi linajinyonga. Dalili yake: injini inafanya kazi vizuri dakika 20 au 30, inazima, na ardhini ukifungua kifuniko cha tangi unasikia hewa ikivutwa kwa mluzi, kisha injini inawaka kama hakuna kilichotokea. Usiridhike na kuwaka huko. Puliza kwa mrija safi wa mpira kwenye tundu hilo kila asubuhi, na liwekee wavu mwembamba.

Maji tumeyaweka mwisho lakini ndiyo rahisi kuliko yote kuyazuia. Pipa la lita 200 likisimamishwa wima, mvua hukaa juu ya kifuniko, na usiku pipa likipoa huivuta ndani kupitia nyuzi za kizibo. Lilaze ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja kama saa tatu na saa tisa za uso wa saa ya ukutani, vyote chini ya usawa wa mafuta. Siku ya kutumia, lisimamishe mapema litulie, chota kwa bomba linaloishia sentimita 5 juu ya sakafu ya pipa, pitisha kwenye faneli yenye kichujio cha kuzuia maji, na unganisha waya wa ardhi kati ya pipa, pampu na ndege. Asubuhi toa mafuta kwenye kila koki ya chini ya tangi na kwenye kikombe cha chujio. Avgas 100LL, petroli ya ndege za pistoni, ni ya bluu. Maji hukaa chini kama tone la kioo. Chupa yote ikiwa haina rangi, huenda ni maji matupu au mafuta ya ndege za tabini.

Hayo ya tabini, Jet A-1, ndiyo kosa baya kuliko yote kwenye kiwanja kinachotumiwa na ndege za aina zote mbili. Injini ya pistoni itawaka kwa avgas iliyobaki bombani, itaruka, kisha mchanganyiko ukifika silindani mlipuko unakuwa wa kupasuka badala ya kuungua. Joto la vichwa vya silinda hupanda haraka, nguvu inapotea, pistoni zinatoboka. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: avgas hukauka bila alama, Jet A-1 huacha doa la mafuta.

## Injini inapanda na kushuka

Geji ya mtiririko ikicheza pamoja na sauti, ni mvuke ndani ya mabomba. Continental IO-520 iliyozimwa dakika tano ili kupakia dawa saa saba mchana ndiyo mfano kamili: joto lililobaki chini ya kifuniko cha injini huchemsha mafuta kwenye mirija ya juu. Inawaka kwa shida, inakimbia kiwanjani, na ikifika futi 50 inaanza kupumua kama mgonjwa. Washa pampu ya umeme kwa kiwango cha chini, usipandishe mchanganyiko kupita kiasi. Njia bora ni kupitisha mafuta ya baridi kwa pampu kabla ya kuwasha, mkono wa mchanganyiko ukiwa umefungwa, kama kitabu kinavyoeleza, na kuipa injini nguvu kamili kwa sekunde kadhaa ukiwa umeshika breki. Petroli ya gari huchemka mapema kuliko avgas, na IO-520-D inataka okteni 100. Usiiweke.

Geji ikiwa imetulia lakini mizunguko ya pangaboi inapanda na kushuka, tazama kidhibiti cha pangaboi na oili.

## Nguvu inayeyuka polepole

Kwa Pawnee na kila ndege ya kabureta, wa kwanza kushukiwa ni barafu, hata Afrika Mashariki, na hasa Afrika Mashariki ya nyanda za juu. Hewa ikipita kwenye koo la kabureta na mafuta yakigeuka mvuke, joto linaweza kushuka nyuzi 20 au zaidi. Kwa hiyo asubuhi ya nyuzi 15 yenye umande, ambayo ndiyo saa nzuri ya kunyunyizia, ndiyo saa ya barafu. Inajijenga zaidi injini ikiwa polepole, kwa mfano unaposubiri kupakiwa, na inajitokeza unaporuka.

Kwa pangaboi lisilobadilika, mizunguko inashuka kidogo kidogo bila mtikisiko. Kwa pangaboi la kujirekebisha, inashuka geji ya mgandamizo wa hewa, mizunguko ikibaki palepale. Vuta hewa moto yote. Injini itashuka zaidi na pengine itakohoa maji yanapopita. Wengi hurudisha mkono hapo wakidhani wameharibu. Iache mpaka nguvu irudi. Kabla ya kila kuruka ipe hewa moto sekunde 10 hadi 15, kisha irudishe baridi. Kumbuka tu kwamba hewa hiyo haipiti kwenye filta, kwa hiyo kwenye kiwanja cha vumbi usiiache wazi bure.

Hewa moto isipobadilisha kitu, ni filta ya hewa. Vumbi, makapi ya ngano na unga wa mbolea huiziba ndani ya siku moja ya kazi. Ikague kila jioni. AGwagon haina barafu ya kabureta lakini filta yake huziba vilevile, na mkono wa hewa mbadala ndio jibu. Kisichofikiriwa sana ni ekzosi: bati la ndani la mafla likivunjika huziba njia ya kutokea, na injini inakosa nguvu ilhali kila kipimo cha mafuta na moto ni kizuri. Igonge kwa ngumi ikiwa baridi. Ikilia kama debe lenye kokoto, ifungue.

## Injini inatikisika

Ukiwa na kimo, jaribu magneto moja, kisha nyingine. Magneto iliyoharibika ndani hutoa moto wakati usio wake, injini inalipuka kwa nyuma na kutikisika kwa kutisha. Kwenye magneto nzima inatulia mara moja. Baki hapo, rudi kiwanjani. Kama inatikisika kwenye zote mbili, ni silinda au valvu, na swichi haitasaidia: punguza nguvu mpaka mahali inapotulia, elekea mahali pa kutua ukipita juu ya mashamba, siyo juu ya miji.

Ardhini, fundi aanze na jaribio la magneto: kuzima moja moja na kutazama mizunguko kwa dakika inashuka kiasi gani. Lycoming huruhusu kushuka kwa mizunguko 175 na tofauti ya 50 kati ya magneto mbili. Continental 150 na 50. Kushuka sana huku injini ikiwa laini ni majira ya moto au mchanganyiko mzito. Kushuka kwa kutikisika ni plagi au waya. Kutoshuka kabisa ni hatari kuliko vyote: waya wa kuzimia umekatika, magneto iko hai hata swichi ikiwa imezimwa, na mkono utakaosukuma pangaboi unaweza kukatwa.

Kutafuta silinda mbovu ni rahisi. Injini ikiwa baridi, iwashe kwenye magneto yenye kasoro kwa nusu dakika, zima, pima mabomba ya ekzosi kwa kipimajoto cha mwanga. Lililo baridi ndilo. Toa plagi zake. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi mno. Oili mbichi ni pete au mrija wa valvu. Vishanga vya kijivu ni risasi, maana 100LL inabeba hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita. Ukiwa nyanda za juu, punguza mchanganyiko tangu unapotembea kiwanjani, la sivyo utasafisha plagi kila siku. Nafasi ya plagi ni inchi 0.016 hadi 0.021.

Kisha pima mgandamizo wa silinda kwa hewa ya psi 80 (pauni kwa inchi mraba). Chini ya 60, au silinda moja ikipitwa na nyingine kwa 15, sikiliza: hewa ikilia kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye njia ya kuingilia ni valvu ya kuingizia, kwenye mdomo wa oili ni pete. Lycoming inayotikisika asubuhi dakika moja ya kwanza kisha ikatulia inakuambia kwamba valvu ya kutolea inanata. Siku itakayonata moja kwa moja itapinda fimbo yake ya kusukumia. Usiirushe kwa hoja ya kwamba imetulia.

## Oili

Mgandamizo ukianguka na joto likipanda, oili imetoka au pampu imekufa, na injini inaweza kujifunga wakati wowote. Mwaga hopa, tua mahali pa kwanza panapofaa ungali na nguvu. Kutua ukiwa na injini inayokaribia kufa ni rahisi mara kumi kuliko kutua ukiwa na iliyokufa. Mgandamizo ukianguka huku joto likikaa palepale, huenda ni geji au mrija wake, lakini bado mstari wa dawa umekwisha, tua, kagua. Kwa Lycoming hii kiwango cha kawaida ni psi 60 hadi 90, na 25 injini ikiwa polepole. Continental 30 hadi 60.

Oili kwenye kioo cha mbele mara nyingi hutoka kwenye sili ya pangaboi. Kwenye ndege nyingi za injini moja ya pistoni, oili ndiyo inayoyashikilia makali yasikae bapa. Ikipotea, pangaboi hukimbia kupita kiasi. Vuta nguvu nyuma, inua pua kupunguza mwendo. Tazama nje kupitia kioo cha pembeni.

Kila unapobadilisha oili, kata filta na uikunjue. Vumbi linaloshikwa na sumaku ni chuma cha kemu, tapeti au kranki. Linalong'aa bila kushikwa ni alumini ya pistoni, au shaba ikiwa ni ya njano.

## Kishindo, mtikisiko mkali, waya wa mkono wa nguvu uliokatika

Kwelea kwelea mmoja si tatizo. Kundi zima ni. Ndege-mnyama au waya ikivunja ncha ya pangaboi, mtikisiko unaweza kung'oa injini kwenye fremu yake, na bila uzito wa injini ndege hairushiki. Vuta nguvu yote sekunde hiyo hiyo, zima injini, punguza mwendo pangaboi lisimame.

Waya unaounganisha mkono wa nguvu na injini ukikatika injini ikiwa imeshika kasi, usiizime njiani. Iache ikufikishe juu ya kiwanja, kisha ikate kwa mchanganyiko utue kama isiyo na injini.

Moto: koki ifungwe, mchanganyiko uvutwe, pampu na swichi kuu vizimwe, njia ya hewa ya ndani ifungwe, ndege iteleze kwa ubavu kupeleka miali upande usio wako.

Kwa tabini ya PT6, kama ya Air Tractor AT-502 au Cessna Caravan, injini ikirudi yenyewe kwenye nguvu ya chini na mkono usiitike, kidhibiti cha mafuta kimepoteza mgandamizo wake wa hewa. Caravan ina mkono wa dharura unaokipita kidhibiti hicho. Usukume polepole sana, maana hakuna kitakachozuia injini kuungua.

## Baada ya kutua

Toka, nenda upande upepo unakotoka. Dawa iliyomwagika ni hatari ya pili: fenthion inayotumika kwa kwelea kwelea, malathion na fenitrothion huingia kupitia ngozi. Vua nguo zote zilizolowa, oga kwa sabuni na maji mengi. Timu ya ardhini iwe na lita 20 za maji safi, sabuni na nakala ya lebo ya dawa kwenye gari, siyo ofisini. Mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, mate na jasho vikitiririka, misuli ikirukaruka au pumzi ikibana, rubani apelekwe hospitali na lebo mkononi. Daktari anahitaji kujua dawa ni ya kundi gani ili atumie atropini. Wanakijiji wanaokimbilia kusaidia waambiwe wasiguse hopa wala nguo, na watoto wasikaribie.

Fundi asiwashe injini kujaribu. Achukue kwanza mafuta kutoka kila tangi na kikombe cha chujio kwenye chupa safi, aandike koki na mikono vilikuwa wapi, afungue kifuniko cha tangi akisikiliza hewa, apime oili. Ukiwasha, ushahidi wa maji na barafu unapotea, na tatizo linarudi wiki ijayo.

Pangaboi likiwa limegusa ardhi injini ikizunguka, hata kama linaonekana halijapinda, Lycoming lazima ifunguliwe nyuma na kukaguliwa gia ya kranki, bolti na pini yake. Agizo la usalama la Marekani AD 2004-10-14 linadai hivyo. Continental nayo inafunguliwa.

Kuirusha kutoka shambani ni uamuzi wa kipimo. Pima urefu kwa kamba, siyo kwa hatua. Chukua umbali wa kuruka ulio kitabuni, ongeza wa nyasi, udongo laini, kimo na joto, hopa ikiwa tupu na mafuta ya kufika kiwanja cha karibu tu. Isipotosha kwa nafasi nzuri, fungua mabawa, uyapakie kwenye lori, na kiunzi kikokotwe kwa mkia hadi barabarani.